Ndoo ya nani, mizani ya nani

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Jamii hubadilishwa na mapinduzi, au na ukaidi wa kila siku wa watu wa kawaida?" Najibu kutoka Mwanza, kwenye mwalo, ufuko wa ziwa wa kushushia samaki, ninakonunua dagaa wabichi na kuwaanika. Kabla ya dagaa nilisoma sosholojia miaka mitatu pale Nyegezi, na mpaka leo sijaweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili kichwani.

Mimi naona ukaidi ndio mwanzo, lakini ukibaki ukaidi tu unamsaidia mtu kuvumilia, basi. Mambo hugeuka pale wakaidi wanapokishika kile chombo wanachopunjwa nacho. Na wakishakishika, tatizo jingine linaanza siku hiyohiyo.

Babu yangu alilima pamba Magu enzi za Mwingereza. Alikuwa akisimulia jinsi gunia lilivyoondoka nyumbani limemlemea begani, likifika kwenye mizani ya mnunuzi likawa jepesi. Karani alisoma namba, karani aliandika, mkulima hakujua kusoma. Basi jioni ya kuamkia siku ya soko, wakulima walinyunyizia pamba maji, wakatia mchanga chini ya gunia, wakaificha pamba fifi, ile chafu ya daraja la chini, katikati ya pamba safi. Babu aliniambia bila kuona aibu: "Yeye ananiibia juu ya mizani, mimi najirudishia ndani ya gunia."

Nilipofika chuo nikamkuta babu kwenye masomo. Msomi wa Marekani, James Scott, aliishi katika kijiji cha wakulima wa mpunga nchini Malaysia mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1985 akachapisha aliyoyaona: maskini asiye na uwezo wa kuinuka hadharani hupigana kwa kuzembea, kudokoa, kujifanya hajui, kumsengenya tajiri akishapita. Zile ndizo silaha zake. Nilifurahi kumwona babu anapewa heshima. Lakini maji ndani ya gunia hayakupandisha bei hata siku moja. Mnunuzi alijua, naye akajilinda kwa kumshushia bei kila mtu, pamoja na yule aliyeleta pamba kavu. Mizani ikabaki mikononi mwake.

Iliondoka mikononi mwake kwa njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Ukerewe na Mwanza, wakulima na wafanyabiashara wadogo Waafrika, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wao, walianza kuweka watu wao wa kuipima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Hebu fikirini ujasiri wa jambo hilo dogo. Mkulima anafika sokoni akiwa tayari anajua uzito wa mzigo wake. Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Haikufika miaka kumi, pamba ya kanda hii ikawa inapita mikononi mwa ushirika, nao ukanunua hadi viwanda vya kuichambua.

Je, hayo ni mapinduzi? Mtaani neno hilo linawakumbusha watu bunduki na redio inayopiga muziki wa kijeshi. Msomi mwingine wa Marekani, Theda Skocpol, aliyelinganisha Ufaransa, Urusi na China katika utafiti wake wa mwaka 1979, alionyesha kwamba hasira ya watu haitoshi. Hasira ipo siku zote. Mapinduzi hutokea dola yenyewe inapopasuka, kwa vita, kwa madeni, kwa wakubwa kugombana, huku wakulima wakiwa na namna yao ya kushikamana vijijini. Tanganyika ya miaka ya 1950 haikuwa imepasuka hivyo, lakini ilikuwa na nyufa. Ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo mtawala alitazamwa. Usukumani amri zilikuwa zimewachosha watu: punguza ng'ombe, chimba matuta, fanya hivi, usifanye vile. Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, wakaja hadi Mwanza mjini kudai wasikilizwe, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Baraza lile halikusimama. Wengi wa watu wale walikuwa wameshajua namna ya kuitana na kukaa kikao, kwa sababu ya pamba. Ndiyo maana siamini kwamba ukaidi wa chinichini na harakati za hadharani ni vitu viwili vya kuchagua kimoja.

Sasa lile tatizo jingine. Mwaka 1911 mwanasosholojia Robert Michels, akiwachunguza wasoshalisti wa Ujerumani, alisema kila chama kikikua huishia mikononi mwa wachache, hata chama kilichoundwa kupigania usawa. Nilimchukia nilipomsoma, kwa sababu historia yetu inamuunga mkono. Mwaka 1966 serikali iliunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, ikakuta upendeleo wa ndugu na fedha zilizotafunwa. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vyote vya ushirika, na vikaja kuruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Mkulima alijibuje? Alirudi kwenye njia za babu. Hakuandamana. Alipunguza pamba, akalima mahindi, akafungua majaruba ya mpunga. Msomi wa Sweden, Göran Hydén, aliandika mwaka 1980 kwamba mkulima wa Tanzania hajatekwa na dola, anaweza kuondoka zake na kujilisha. Ni kweli, lakini mimi nimeishi na mtu aliyeondoka zake. Mpunga ulimlisha babu. Ada ya mama yangu haukuilipa, na mama akaishia darasa la saba.

Kwetu mwaloni chombo ni ndoo. Mitumbwi ya dagaa huingia alfajiri, na kijana wa tajiri, yaani mwenye mtumbwi, anatupimia kwa ndoo ya lita 20. Ile ya pale kwetu kitako kilikuwa kimepashwa moto na kusukumwa ndani. Tulijua wote. Silaha yetu ilikuwa kuitikisa ndoo ili dagaa washuke, na kuongeza ukufi kijana akigeuka. Tajiri akapiga marufuku kuigusa ndoo.

Mbalamwezi ikafika. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapandishwa mchangani, na sisi waanikaji tunakuwa na muda. Tulikuwa kumi na mmoja. Tukachanga, tukanunua ndoo mpya, tukaomba ile ya tajiri kama ya kutekea maji, tukazijaza zote mbili kwa chupa ya lita moja. Yetu iliingia chupa ishirini. Yake ilifurika kabla ya kumaliza ya kumi na nane.

Giza liliporudi na mitumbwi ikaingia, tulikaa juu ya magunia yetu na ndoo yetu katikati, hakuna aliyenyanyuka. Sitaki niwape picha ya mashujaa. Nilikuwa na rejesho la vikoba keshokutwa yake na mikono ilikuwa ikinitetemeka. Mama mmoja, mkubwa kwetu wote, alikuwa akirudia kwa sauti ndogo, "Tulieni, jua linapanda." Dagaa mbichi hamsubiri mtu. Saa tatu asubuhi harufu ilianza kubadilika, nzi wakajaa, kijana akawa anamwagia maji mzigo. Saa nne kasoro tajiri mmoja akasema, "Haya kina mama, leteni hiyo ndoo yenu." Wenzake wakafuata. Wiki ileile wakapandisha bei ya ndoo, ingawa si kwa kiasi cha zile lita walizokuwa wakitupunja.

Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Ndoo yetu inalala kwa mwenzetu tuliyemchagua kuitunza, mwanamke mwaminifu ambaye sina neno naye. Lakini alfajiri anakuwa wa kwanza kufika mtumbwini kwa sababu ndoo anayo yeye, na siku za uhaba wa mwisho wanarudi na beseni tupu. Msimu huu waanikaji wawili wapya wamenong'ona kwamba wao huwekwa nyuma. Nimewasikia wakinong'ona kwa sauti ileile tuliyokuwa tukimsengenyea tajiri. Mbalamwezi ijayo tunakaa, na nimeomba jambo la kwanza liwe ndoo ilale kwa nani, na kwa wiki ngapi.