Jibu: Yule fundi mpiga kodiani wa mgodini

Ndugu, umeuliza kama yule mzee wa kodiani alikuwa mwanamuziki tu au alikuwa na kazi nyingine. Kazi! Mgodini aliajiriwa kuchomelea vyuma, na mtaani akatengeneza milango, saa, cherehani, hata majeneza. Kudai malipo hakujua, wajanja wakamtumia.

Kodiani ikipotoka sauti aliifungua mwenyewe. Ndani mna ndimi nyembamba za chuma: ukikwangua ulimi kwenye ncha, sauti inapanda, ukikwangua karibu na shina, inashuka. Alikwangua kidogo sana, akapuliza vumbi, akasikiliza jicho moja kalifumba. Bendi haikuanza bila yeye.

Mgodi ulipofungwa wenzake walitawanyika, ila waulize wachomeleaji wa zamani. Wengi aliwafundisha yeye.