Maswali ya Gari: Sailensa imegoma kushuka baada ya kubadili injini

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina Corolla KE70 ya 1982 aliyoniachia mzee wangu, injini yake ya 4K ilichoka ikawa inamaliza oili, mwezi uliopita nikaitoa nikaweka 4A-FE used ya kwenye Corolla 100, gia boksi ya T50 tukaipata kwa mtu Arusha. Inawaka vizuri, nguvu ipo, ila sailensa (mizunguko ya injini nikiwa nimeachia mafuta) haishuki. Asubuhi inaanza 2000, ikishapata moto inacheza inapanda 1700 inashuka 1100 inapanda tena, haitulii. Fundi kazungusha skrubu ya throto (mlango wa hewa ya injini) haikusaidia, akasema throto bodi mbovu, nikanunua nyingine Gerezani, hali ileile. Sasa anasema ni kontrol boksi, yani kompyuta ya injini. Geji ya temperecha inakaa katikati kama kawaida. Foleni ya Buguruni natembea na breki muda wote. Nishauri kabla sijatoa hela nyingine.
Msomaji, Tabata

JIBU: Kaka wa Tabata, hongera kwa kuitunza gari ya mzee, na hiyo hela ya kontrol boksi usiitoe kwanza. Boksi yako naiona nzima kabisa na ushahidi umeuandika mwenyewe kwenye swali.

Hiyo kupanda na kushuka inatokea hivi: ukiachia mafuta, sensa ya throto inaiambia boksi kwamba mguu umetoka, boksi ikiangalia inaona mizunguko bado iko juu inajua uko kwenye mteremko na gia, inakata petroli. Mizunguko ikishuka inarudisha petroli, inapanda, inakata tena, ndo mchezo unaouona. Yani boksi inafanya kazi yake vizuri tu, na throto inafunga, maana ingekuwa waya wa akseleta umevutwa sana sensa isingesema mguu umetoka. Legeza waya uone lakini, ni kazi ya dakika moja.

Swali linabaki hewa inatoka wapi, kwa sababu injini ya petroli haipandi mizunguko bila hewa, na hiyo ikipata moto inatakiwa ikae 700 mpaka 800 hivi. Halafu kumbuka 4A-FE inatumia sensa ya presha ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), haipimi hewa mlangoni. Hewa ya wizi ikiingia, presha ya manifoldi inapanda, boksi inaongeza petroli na injini inapanda bila kutetemeka wala kumisi. Kwenye injini zinazopima hewa mlangoni uvujaji kama huo ungeifanya itetemeke hata izime, ndo maana fundi aliyezoea hizo akisikia injini haitetemeki anaona hakuna panapovuja.

Fanya hivi. Washa gari mpaka ipate moto kabisa, chomoa mpira mkubwa wa hewa kwenye throto bodi injini ikiwa inaunguruma. Ndani ya mdomo wa throto, kabla ya ile sahani, kuna vitundu vidogo, ziba kwa kidole. Mizunguko ikishuka ghafla au ikazima, hewa ilikuwa inapita kwenye valvu ya sailensa. Isiposhuka, hewa inaingia baada ya throto, kwenye manifoldi au kwenye mipira.

Mimi naamini itashuka, nakueleza kwa nini. Kwenye Corolla 100 injini imekaa kwa upana, kwako imekaa kwa urefu, na ile njia ya maji iliyo nyuma ya silinda hedi inagonga ukuta wa kabini. Mafundi wengi hapo wanaikata au wanaigeuza, na vile vimpira vidogo vya maji ya moto vinavyoenda chini ya throto bodi wanaviunganisha vyenyewe kwa vyenyewe au wanaviziba kwa bolti kwa sababu havifiki. Throto bodi nyingi za Toyota za miaka ile zina valvu yenye nta ndani, asubuhi iko wazi ili injini isizime, ikipata maji ya moto nta inatanuka inafunga. Maji yasipofika haifungi hata uendeshe mpaka Bagamoyo, na ungebadilisha throto bodi kumi majibu yangekuwa yaleyale. Niliwahi kukaa siku mbili na gari yenye ugonjwa huu, nimefungua kila kitu, mwisho nikashika vimpira kwa mkono ndo nikakuta viko baridi wakati rejeta imechemka! Kwa hiyo vishike vyako, vikiwa baridi rudisha njia ya maji, halafu toa hewa kwenye mfumo vizuri maana hata upepo uliokwama unazuia maji kupita.

Geji isikudanganye pia. Inasoma sensa yake ya waya mmoja, boksi inasoma nyingine ya waya mbili, na hiyo ikiwa imekufa au waya umekosewa kwenye kuunganisha, boksi inajua injini bado ya baridi inashikilia mizunguko juu. Pima ukinzani wa sensa hiyo kwa mita: ikiwa baridi ya nyuzi 20 inatakiwa 2 mpaka 3 kiloomu, nyuzi 80 iwe 0.2 mpaka 0.4. Unaweza pia kuunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kiboksi cha diagnosi ukahesabu taa ya injini, ikipiga mbili ikatulia ikapiga mbili, ni kodi 22, sensa hiyohiyo. Ila kodi inakuja waya ukikatika au kushoti, sensa inayosoma uongo kidogo haiandiki kitu, kwa hiyo mita ndo ya kuamini.

Kidole kisiposhusha mizunguko, bana mipira ya manifoldi mmoja mmoja kwa plaizi ukianza na wa busta ya breki, tafuta na vitoleo vilivyoachwa wazi. Gasketi inyunyizie maji kwa chupa usikilize mlio kama unabadilika, usitumie petroli, watu wameungua.

Ile skrubu aliyozungusha fundi irudishe mpaka sahani ifunge bila kung'ang'ania, ndipo upange sensa ya throto.

SWALI: Na mimi nina KE70, nimeweka 5K ya LiteAce, kabureta. Nikiachia mafuta sailensa inabaki juu, nikiinua pedali kwa kidole cha mguu inashuka. Shida ni mchanganyiko wa petroli na hewa?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Hapana ndugu yangu, kabureta usiifungue. Ikishuka kwa kuinua pedali basi waya wa akseleta unakwama au springi ya kurudisha imechoka. Chomoa waya kwenye kabureta, zungusha mkono wa throto kwa kidole: ukirudi wenyewe badilisha waya na angalia ulivyopita usikunjwe, usiporudi weka springi mpya na safisha shafti.