Unakwenda kijiji cha kando ya mto Songwe? Anza na saa ya simu

Wengi wanaotoka Dar kwenda kwa mara ya kwanza vijiji vya Kyela vilivyo kando ya mto Songwe, iwe ni ukweni, msibani au kufuata mchele, hujiandaa kukabiliana na uhamiaji. Kinachowasumbua zaidi ni simu. Mto ndio mpaka, ng'ambo ni Karonga, Malawi, na laini yako inaweza kudaka mnara wa kule ukiwa umekaa zako barazani upande wa kwetu.

Kitakachoharibika kwanza ni saa. Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja, hivyo simu inayojipangia saa yenyewe ikishika mnara wa kule inarudi nyuma. Basi la saa 12 asubuhi linaondoka, wewe simu inakuonyesha 5:00 na bado unapiga mswaki. Tena haitulii: ukihamia nyuma ya nyumba inaweza kurudi saa ya kwetu, ukabaki hujui ushike ipi. Kabla hujatoka Mbeya ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya tarehe na saa, zima saa ya otomatiki pamoja na ukanda wa saa wa otomatiki, kisha chagua mwenyewe ukanda wa Dar es Salaam au Nairobi. Au vaa saa ya mkononi, yaishe.

Ukiwa humo humo, zima romingi ya data. Kisha nenda sehemu ya mitandao ya simu, ondoa otomatiki, subiri orodha ya mitandao ije na uchague wako wa Tanzania. Ukikosa mawimbi kabisa, sogea mbali na mto, usirudishe otomatiki. Namba za nyumbani zihifadhi kwa +255, maana laini ikiwa kwenye mtandao wa ng'ambo, namba inayoanza na sifuri inachukuliwa kuwa ya Malawi, ambao msimbo wao ni +265. Menyu ya pesa kwenye simu nayo inaweza kugoma ukiwa kwenye mtandao wa nje, kwa hiyo hela ya matumizi itoe Mbeya au Kyela mjini. Wakala wa kijijini mara nyingi hana floti ya kutosha siku ya mnada.

Safari yenyewe haina mambo mengi: Mbezi Luis, Morogoro, Iringa, Uyole, halafu unakata kushoto kupitia Tukuyu. Beba sweta kwa ajili ya Tukuyu na chandarua kwa ajili ya Kyela. Huku juu baridi, kule chini joto na mbu. Machi na Aprili mvua ni kubwa na njia za kuingia vijijini hukatika.

Ukifika, mwenyeji wako akupeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Kijiji cha mpakani kila sura ngeni inaonekana, na mgeni asiyejitambulisha ndiye anayeulizwa maswali. Beba kitambulisho cha NIDA na, kama unafuata biashara, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako Dar. Amkia watu. Neno "ndaga" la kushukuru litakufungulia nyuso nyingi.

Utaona wenyeji wakivuka kwa mtumbwi kwenda harusini au msibani. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule ni ndugu, lugha zao zinakaribiana, na mpaka umewakuta hapo hapo. Wewe usiwafuate. Ukitaka kwenda ng'ambo, pita kituo cha mpakani cha Kasumulu na pasipoti, igongwe muhuri wa kutoka kwetu, kisha wa kuingia kwao. Asiye na muhuri wa kutoka anapata shida zaidi wakati wa kurudi.

Kwacha usizikubali kama chenji. Novemba 2023 Malawi ilishusha thamani ya sarafu yake, bei ya dola kwa kwacha ikapanda kwa asilimia 44. Aliyekuwa na bunda ndani alilia.

Sasa mchele. Msimu mzuri ni baada ya mavuno, kuanzia Mei na Juni. Nunua kwa mzani, si kwa debe, kwa sababu debe linajazwa kwa mkono na kila mkono una kilima chake. Ukinunua mpunga ukoboe mwenyewe, hesabu kilo 60 hadi 65 za mchele kwa kila kilo 100, na ukipata chini ya hapo ujue mpunga haukukaushwa vizuri au mashine ni mbovu. Ng'ata punje: ikivunjika kwa mlio imekauka, ikibonyea, bado, na mashineni itatoka chenga. Ingiza mkono hadi katikati ya gunia, maana juu huwekwa wa Kyela wenye harufu na chini mchanganyiko. Muulize muuzaji shamba liko wapi. Mzigo uliovushwa usiku kutoka ng'ambo ni magendo hata kama bei inavutia, na sheria hubadilika ghafla: Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi kuingia, kisha ikaondoa zuio muda mfupi baadaye.

Kabla ya kupakia, ulizia ushuru ofisi ya kijiji na uchukue risiti. Mwaka 2017 serikali iliondoa ushuru kwa mazao yasiyozidi tani moja yanayotoka halmashauri moja kwenda nyingine, lakini kizuizini utaulizwa karatasi hata hivyo. Shona mdomo wa gunia mara mbili kwa uzi wa katani, andika jina na namba ya simu kwa maka peni pande zote mbili, piga picha gunia likiwa kwenye buti, na stakabadhi ya mzigo ikae mfukoni mwako, si kwa kondakta.