Kumkinga poni mwenye sarkoidi dhidi ya nzi wa majira ya joto: maelezo kwa wanaoanza kazi ya kutunza farasi Uingereza

Anayeanza kazi katika mabanda ya farasi huku Uingereza hufundishwa kwanza kulisha, kuondoa samadi na kupiga brashi, na mara nyingi hukabidhiwa poni kabla ya farasi wakubwa, kwa kuwa poni hazidi sentimita 148 begani na watu hudhani kwamba udogo huo unarahisisha kazi. Kisha mwezi wa Aprili au Mei unafika, nzi wanaanza kutoka, na miongoni mwa poni hao anapatikana mmoja mwenye vinyama vilivyoota kwenye kinena, kifuani au pembeni mwa jicho. Mwenye mnyama anakuambia kwa kifupi kwamba ana sarkoidi, kwamba uangalie nzi wasimsumbue, kisha anaondoka. Agizo hilo fupi lina kazi ya miezi sita ndani yake, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Sarkoidi ni uvimbe wa ngozi unaowapata farasi, poni, punda na nyumbu, na hakuna uvimbe mwingine wa ngozi unaoonekana kwa wingi zaidi katika wanyama hao. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na Jackson huko Afrika Kusini mwaka 1936, na tangu hapo imebainika kwamba unahusiana na virusi vya papiloma vya ng'ombe, huku baadhi ya farasi wakirithi mwelekeo wa kuupata kuliko wengine. Sura zake ni nyingi. Kuna unaoonekana kama duara la ngozi iliyonyonyoka manyoya tu, kuna unaofanana na chunjua kavu, kuna vinundu vigumu chini ya ngozi, na kuna nyama mbichi inayochuruzika na kutoka damu kwa kuguswa kidogo. Kwa kawaida hauendi kwenye mapafu wala ini, lakini hupanuka pale ulipo, huzaa mwingine jirani, na hurudi hata baada ya kukatwa. Jambo ambalo mgeni wa kazi anapaswa kulishika kuliko mengine yote ni kwamba sarkoidi iliyotulia inaweza kubadilika na kuwa kali baada ya kujeruhiwa. Kwa hiyo usiikwaruze, usiifunge uzi, usiipake dawa uliyosikia kwa jirani, na usimruhusu mtu aikate kipande ili "kuona ni nini".

Nzi wanahusika kwa namna kadhaa. Wanaouma huichokoza ngozi, na poni akijikuna kwenye nguzo au akijing'ata, anaichubua mwenyewe ile sehemu tunayotaka iachwe kwa amani. Wanaolamba hufuata majimaji na damu, na kidonda kidogo hakipati nafasi ya kukauka. Wapo pia wanaotaga mayai kwenye nyama iliyo wazi. Zaidi ya hayo, vinasaba vya virusi vya papiloma vya ng'ombe vimepatikana ndani ya nzi waliokamatwa karibu na farasi wenye sarkoidi, na ndiyo maana madaktari wengi wa mifugo wanawashuku nzi kuwa miongoni mwa wanaoueneza ugonjwa huu, ama kutoka mnyama hadi mnyama, ama kutoka sehemu moja ya mwili hadi jeraha jipya la mnyama yuleyule. Ukitazama mahali sarkoidi zinapopenda kuota, yaani kwenye kope, masikio, kifua, kwapa, kinena na upande wa ndani wa mapaja, utaona ni palepale ngozi ilipo nyembamba na nzi wanapopenda kutua.

Mgeni husema "nzi" kana kwamba ni mdudu mmoja, akapanga ulinzi wa aina moja kwa siku nzima, na hapo ndipo nguvu nyingi hupotea. Usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu, hutoka hasa alfajiri na magharibi, hupenda mahali penye tope na hewa iliyotulia, na hawawezi kuruka vizuri penye upepo. Pange, nzi wakubwa wanaokata ngozi na kunywa damu, hutaka jua kali na joto la mchana, na kwa kawaida hawapendi kuingia ndani ya banda lenye giza. Wapo nzi wanaofanana na nzi wa nyumbani lakini wana mdomo wa kuchoma; hao huuma miguu na tumbo, hukaa kwenye kuta na milango ya banda, na huzaliana katika nyasi kavu zilizooza pamoja na mkojo na mavi. Wapo wa usoni, ambao hawaumi lakini hunywa machozi na usaha, na hutaga mayai yao katika mavi mabichi ya ng'ombe. Na katikati ya majira ya joto, karibu na miti na vichaka, huzuka nzi wa kichwani, ambao hufuata kingo za vidonda kwa ukaidi wa ajabu.

Kwa sababu hiyo, saa za kumtoa poni malishoni zipangwe kulingana na mdudu anayemsumbua yeye na mahali sarkoidi yake ilipo. Mwenye vinyama tumboni na kinenani ambaye malisho yake yako karibu na kijito atafaidika kwa kukaa bandani magharibi na alfajiri, usubi wanapotawala. Anayeshambuliwa na pange apumzishwe ndani kuanzia saa nne asubuhi hadi jua lipungue makali. Akisumbuliwa na wote wawili, atabaki na saa za usiku wa katikati na nusu ya asubuhi, na usione aibu kumweleza mwenye poni hivyo. Feni kubwa iliyofungwa juu, mahali ambapo poni hawezi kuifikia wala kutafuna waya wake, huwazuia usubi kuliko watu wanavyotarajia, kwa kuwa hawawezi kushindana na upepo wake. Malisho yaliyo mlimani yenye upepo ni bora kuliko ya bondeni yenye kivuli kizuri, na kama unaweza kuchagua, usimweke poni huyu jirani na kundi la ng'ombe.

Kuhusu samadi, nitasema kwa uzito, kwa sababu ndiyo kazi inayodharauliwa. Watu hutumia fedha nyingi kununua chupa za dawa ya kupulizia huku biwi la samadi likifuka hatua chache kutoka mlangoni. Katika joto la Julai nzi wa nyumbani hukamilisha safari ya yai hadi mdudu mzima kwa muda usiozidi wiki mbili, na akibahatika hupunguza hata hapo. Ondoa mavi bandani kila siku, na malishoni pia, kila siku ikiwezekana. Fagia mabaki ya nyasi yaliyolowa chini ya chombo cha kulia, na inua mikeka ya raba pembeni, kwa maana mkojo hujificha huko. Biwi lenyewe liwe mbali na mabanda, lijengwe kwa pande zilizonyooka na likanyagwe kwa miguu, kama Waingereza wa zamani walivyozoea, kwa kuwa lundo lililoshikana hupata joto la ndani ambalo mabuu hawawezi kulistahimili. Ukilimwaga ovyo likatandaa, umewatengenezea nzi kitalu.

Mavazi ya kinga yana faida kubwa, lakini yana hatari yake. Barakoa ya wavu hufunika macho na, kwa aina nyingine, masikio pia. Shuka la wavu hufunika mwili, na lenye kipande cha tumboni ndilo linalofaa kwa sarkoidi za kinenani na kwenye ala (mfuko wa uume) au kiwele. Kwa usubi, matundu ya wavu lazima yawe madogo sana, kwa kuwa wavu wa kawaida wa nzi huwapitisha. Hatari ni msuguano. Mshono wa barakoa unaopita juu ya kinyama cha kope, au mkanda wa kifuani unaosugua mchana kutwa, huleta madhara ambayo nzi wenyewe wasingeyaleta. Kila siku vua kila kitu, pitisha kiganja chako chini ya kila ukingo, tafuta manyoya yaliyokatika au ngozi yenye joto, kisha kung'uta vumbi na mbegu za nyasi kabla ya kumvisha tena. Barakoa ivuliwe usiku. Sarkoidi ikiwa mahali mkanda wa tandiko unapopita, poni huyo asipandwe mpaka daktari wa mifugo aseme, hata kama mtoto wa mwenye poni analia.

Kuna jambo litakalomfurahisha msomaji aliyekulia karibu na mbuga zetu. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanywa Somerset, ambapo punda milia na farasi wa kawaida walilinganishwa, na baadhi ya farasi wakavishwa shuka zenye milia. Pange walizunguka karibu na wote kwa kiwango kimoja, lakini walitua mara chache zaidi kwenye milia. Kwenye vichwa vya farasi hao, ambavyo havikufunikwa, tofauti haikuonekana. Shuka za milia zinazouzwa sasa si pambo tu, basi, ingawa kichwa bado kinahitaji barakoa yake.

Dawa za kufukuza wadudu zipakwe kuzunguka sarkoidi, kamwe si juu ya nyama iliyo wazi. Zenye ikaridini au diti (DEET) hufukuza. Zenye permethrini huua pia, na hizo ni sumu kwa paka, ambao hawakosekani katika mabanda ya nchi hii, na kwa samaki, kwa hiyo usioshe ndoo zake kijitoni. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya shingo na usubiri hadi kesho yake uone kama ngozi imevimba. Jasho huosha dawa na tena huwavuta nzi, kwa hiyo mwogeshe poni kwa maji matupu baada ya kazi, umkaushe, ndipo upake upya. Usimpulizie usoni, weka dawa kwenye glavu au kitambaa na umpake taratibu. Kwa kinyama kikavu kisicho na jeraha, mafuta ya mgando yaliyopakwa kwenye ngozi inayokizunguka huwafanya usubi washindwe kutua vizuri, na gharama yake ni ndogo.

Sarkoidi ikichubuka, vaa glavu, changanya kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, osha bila kusugua, kisha mpigie daktari akuelekeze cha kupaka. Katika siku za joto mayai ya nzi wa kijani huanguliwa ndani ya siku moja, kwa hiyo kidonda kikaguliwe asubuhi na jioni. Ukiona vipande vyeupe vidogo vilivyoshikamana kama punje, hayo ni mayai, na ukiona funza daktari aje siku hiyohiyo. Sponji, taulo, brashi na shuka za poni huyu ziwe zake peke yake, na yeye ahudumiwe mwisho, baada ya wengine.

Piga picha ya kila kinyama mara moja kwa mwezi, ukiweka rula pembeni na kusimama upande uleule, na uandike tarehe. Macho yanayomwona mnyama kila siku hayatambui ongezeko la polepole. Damu inayotoka bila sababu, harufu, au kinyama kilichokuwa kikavu kuanza kulowa ni habari za kumpa daktari bila kungoja mwezi uishe. Uamuzi wa kutibu ni wake pamoja na mwenye poni: kuna leza, kuna kugandisha, kuna mionzi, na kuna marhamu iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Liverpool, ambayo hupewa madaktari wa mifugo peke yao. Tiba nyingi kati ya hizo huacha kidonda kwa wiki kadhaa, na kama uvimbe unaweza kungoja bila hatari, ni rahisi zaidi kukihudumia kidonda hicho baada ya nzi kutoweka. Kwa hiyo mwishoni mwa Septemba mkumbushe mwenye poni apange miadi, umpe zile picha zote kwa mpangilio wa tarehe, na uendelee na barakoa na samadi mpaka baridi ya kwanza ya kugandisha ipite, kwa kuwa Oktoba yenye jua bado ina nzi wa kutosha.