Nyumba imefikia wapi?

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ni lengo gani la nyumbani ulilojiwekea Januari, na umefikia wapi?" Nililisoma swali nikiwa kwenye daladala, nikaizima simu. Hayo maneno mawili ya mwisho naulizwa tangu 2014 tuliponunua kiwanja Kibamba. Msibani naulizwa, harusini naulizwa, kwenye kikao cha kikoba naulizwa. "Nyumba imefikia wapi?" Nawe unajibu kwa lugha ambayo Dar es Salaam nzima inaielewa: tumetoa msingi, tuko lenta, tumepaua, bado umaliziaji.

Basi nijibu kwanza mlichouliza. Lengo letu la mwaka huu lilikuwa kupiga plasta vyumba viwili vya watoto na korido. Tumepiga chumba kimoja, na korido bado ni tofali tupu. Lakini kilichonifanya nikae chini niandike ni jambo jingine, la kuhamia kwenye nyumba ambayo haijaisha. Najua wapo wanaosoma ukurasa huu wakiwa na kodi ya miezi sita mkononi, wanajiuliza wampelekee mwenye nyumba au wakodi kirikuu wahamishie vyombo kwenye pagale lao.

Mimi nasema usihamie. Sisi tulihamia Januari 2022, miezi michache baada ya kupaua. Mume wangu alikuwa na hesabu yake nzuri: pale Kimara tulilipa laki tisa kila miezi sita, na kwa bei ya wakati ule hiyo ilikuwa zaidi ya mifuko 50 ya simenti. Alisema kodi ile ile ndiyo itakayoimaliza nyumba. Haikuwa hivyo. Fedha ilikwenda kwenye nauli za watoto watatu, bodaboda ya kutoka barabarani hadi kwetu, maji ya kununua kwa ndoo. Mwaka ule wote sidhani kama tulifikisha mifuko 20. Mafundi wanalisema hili na ni kweli: mwenye nyumba akishahamia, ujenzi unalala. Ukiwa mpangaji, kila ukimlipa mwenye nyumba unaumia na yale maumivu yanakusukuma. Ukishalala kwako, unavumilia.

Na aibu ipo. Nitaieleza, maana ndiyo iliyokuwa inanitafuna kuliko vumbi na mbu.

Tulihamia tukiwa na grili kwenye madirisha mawili tu, la sebuleni na la chumba chetu. Mengine tuliyaziba kwa tofali kavu, zimepangwa tu bila udongo, kama wanavyofanya wengi huku kwetu. Jikoni kulikuwa giza saa sita mchana. Napika kwa taa ya sola, mlango wa uani wazi, na upepo ukiwa mkali nafunga mlango moshi unabaki na mimi. Miezi mitano nilipika hivyo.

Juni mama akapiga simu kutoka Muheza. "Mwanangu, machungwa yameanza. Nakuja kuiona nyumba." Nikamwambia asubiri kidogo, barabara imeharibika kwa mvua. Wiki iliyofuata nikamwambia watoto wana mitihani. Mara ya tatu hakuomba ruhusa, alinipigia akiwa ameshakata tiketi.

Kabla hajafika nilitoa vitenge vyangu vyote sandukuni, vingine vya sare za harusi sijawahi kuvishona, nikavitundika ukuta mzima wa sebule kwa misumari midogo ili tofali zisionekane. Kisha nikaenda kumpokea Kituo cha Magufuli, Mbezi. Alishuka na kiroba cha machungwa na mkeka mpya. Daladala hadi Kibamba, kisha bodaboda mbili, moja yake na moja ya kiroba. Alipofika mlangoni alivua kandambili. Sakafu yetu ilikuwa zege lisilosawazishwa, ina kokoto za kuchoma nyayo, nikamwambia, "Mama, vaa tu." Akaniambia mlangoni kwa watu viatu vinavuliwa.

Mume wangu akamwamkia, wakasalimiana vizuri, naye akapata dharura ya kwenda dukani. Hakutaka kukaa mbele ya mkwewe ndani ya nyumba ile. Mama akakaa, akatazama vitenge. Akainua pindo la kimoja, akapitisha kiganja ukutani.

"Tofali hizi mlifyatua wenyewe?"

Nikamwambia ndiyo, mwaka 2017. Nikamweleza tulivyokuwa tunatoka Kimara alfajiri kuja kuzimwagilia, tunarudi tena jioni, kwa wiki nzima, maji tunateka kwa jirani mwenye kisima, maana tofali ya simenti ikikauka haraka kwa jua hainywi maji ya kuipa nguvu, inamong'onyoka ukiigusa. Nilijikuta naeleza kwa kirefu. Mama akaachia pindo la kitenge, hakusema kitu.

Asubuhi yake niliamshwa na sauti ya jiwe kukwaruza jiwe. Nikakimbilia jikoni nikidhani ukuta unaanguka. Nikamkuta mwanangu wa kwanza, wakati huo ana miaka 13, amesimama juu ya kiti anasukuma tofali ya juu kabisa, na baba yake yuko chini amenyoosha mikono kuipokea. Mama yuko pembeni, kanga kifuani, mwiko mkononi, anawaelekeza. Tofali ya inchi sita ni nzito, mtu mzima anaitua kwa kuinama. Walizitoa moja moja, wakazipanga chini ya ukuta. Zilikuwa 14, nilizihesabu.

"Mama, mnafanya nini? Huku kuna wezi!"

"Usiku tutazirudisha. Sasa hivi nataka nione ninachopika."

Dirisha la jikoni linatazama mashariki. Jua liliingia lote kwa pamoja mpaka kwenye mlango wa korido. Niliona jiko langu siku hiyo. Niliona masizi yalivyopanda ukutani juu ya jiko la mkaa kama kivuli cha mtu, niliona unga uliomwagika nyuma ya debe labda tangu Februari. Na karibu na lenta niliona hesabu za fundi alizoandika kwa penseli, simenti 8, mchanga nusu lori, na chini yake namba ya simu isiyo kamili. Mume wangu alisimama anaitazama ile hesabu. Ndipo alipoanza kumweleza mkwewe yeye mwenyewe, bila kuulizwa, hapa itakaa sinki, hapa kabati, hapa bomba litapita. Mama anaitikia, "Eee, baba. Vizuri, baba."

Baadaye alitandika mkeka pale penye jua akawa anachambua mchele. Akasema, bila kuinua uso: "Baba yenu alifariki kile chumba cha uani hajakimalizia. Na nyie wote mlikua humo humo."

Nikakaa kimya. Chumba cha uani nakijua. Hakikuwa na mlango, kilikuwa na gunia, humo tulihifadhi mahindi, humo tulijificha tukicheza kombolela. Katika maisha yangu yote sikuwahi kukifikiria kama chumba ambacho hakijaisha.

Usiku tofali hazikurudishwa. Mume wangu alipigilia wavu na kipande cha chandarua, akalala sebuleni. Mama alikaa siku tisa. Siku ya kuondoka alifungua pindo la kanga akatoa elfu arobaini za machungwa, akampa mkwewe mkononi, siyo mimi, kwa ajili ya grili ya jikoni. Ilifungwa kabla mwezi haujaisha. Kwa miezi mitano tulikuwa tunasema hela ya grili haipo.

Nimeandika nikafika hapa na ule msimamo wangu wa juu siuoni tena ulivyokuwa. Kuhusu fedha nilisema kweli, sibadilishi: kodi haikugeuka simenti. Lakini mtu akiniuliza leo kama ningerudi Kimara nikamalizie kwanza ndipo nihamie, jibu ni hapana. Mtoto wetu mdogo asingeujua mwembe aliouotesha hapa mwenyewe. Na huenda tungekuwa bado tunasubiri.

Hata hivyo naomba mtu asilichukue hili kirahisi. Choo kiwe kimekamilika na shimo lake limefunikwa vizuri, siyo kwa ubao. Mlango wa mbele uwe wa kufungika kweli. Bati liwe limepita masika moja mkiwa bado hamjahamia, mjue linavuja wapi. Mwenye kichanga asubiri, vumbi la simenti na kifua cha mtoto haviendani. Na wote wawili muwe mmekubaliana, maana nimeona ndoa ya jirani ikiyumba kwa sababu mmoja alihamishwa huku analia.

Zile tofali 14 bado zipo uani. Tatu ni mafiga ya kuni, nyingine tunakalia. Mama amesema anakuja machungwa yakianza, na vitenge nilishavishona. Grili ya chumba cha pili cha watoto iko kwa fundi wa kuchomelea, tumelipa nusu.

Msomaji, Kibamba, Dar es Salaam