move-cursor inasoma mstari uliopita: sikiliza cursor-changed

Mkuu, umeuliza kwa nini ukisikiliza move-cursor, halafu ukabonyeza mshale wa chini kwenye TreeView (jedwali la mistari) ya GTK3, maktaba ya kutengenezea madirisha ya programu, paneli ya pembeni inaleta mteja wa juu yake badala ya yule aliyewaka rangi. Hiyo naijua, niliikuta kwenye programu ya madeni ya mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, niliyopewa niiendeleze. Dada wa kaunta mkono mmoja noti mwingine mshale, anashuka mpaka kwa mteja wa Sengerema, kiasi kinachosomeka ni cha yule wa Ukerewe, akibonyeza tena ndo deni la Sengerema linatokea na yeye kashafika kwa wa Magu. Hapo mtu anadaiwa magunia ya mwenzie hivihivi.

Iko hivi. move-cursor ni signali ya kibodi, yaani taarifa ambayo jedwali linatoa, inatoka pale mtu anapoomba kusogea, kazi yenyewe ya kusogeza inafanywa na kodi (maelekezo ya programu) ya ndani ya wijeti, yaani hilo jedwali lenyewe, na hiyo inakimbia mwisho. Wewe umeunga kodi yako kwenye signali kwa connect ya kawaida kwa hiyo inatangulia, ikiita get_cursor, ya kuuliza kishale (alama ya mstari uliopo) kiko wapi, inakuta bado kiko palepale. connect_after, inayokimbiza kodi yako baada ya ile ya ndani, ingekupa mstari sahihi ila sikushauri uishie hapo, maana mtu akibofya kwa mausi move-cursor haitoki kabisa na paneli inabaki imeganda.

Tumia cursor-changed basi. Inatoka kishale kikishahama, iwe kwa mshale au mausi. Humo ndani hakikisha path (anwani ya mstari) siyo None, yaani siyo tupu, kabla hujaigusa, jedwali likiwa tupu utatapikiwa makosa.

Kwenye TextView (kisanduku cha kuandikia) sikiliza notify::cursor-position ya bafa inayoshika maandishi yake, kwa sababu hata kuandika herufi tu kunasogeza kishale bila move-cursor kutoka.

Na siyo kwamba move-cursor haina kazi, unaweza kuitoa mwenyewe. Mimi batani ya "Anayefuata" nimeiandika hivi:

tree.grab_focus()
tree.emit('move-cursor', Gtk.MovementStep.DISPLAY_LINES, 1)

Usiruke huo mstari wa kwanza, TreeView isiyo na fokasi (isiyo ndiyo inayopokea kibodi) inakataa kusogea na haikwambii kitu, utakesha. Ukitaka kurudi juu weka -1.

Kama ndo unaanza mradi upya na GTK4, achana na TreeView, kuanzia 4.10 wameiweka kwenye vitu vya kuachwa, nenda ColumnView, jedwali lake jipya.