Kabla Hujajiandikisha Kuhama: Kwa Vijana Wetu Wanaocheza Kikapu Vyuo vya Marekani

Kila mwisho wa Machi simu yangu hujaa ujumbe wa sauti. Mara ni mama wa Dodoma, mara baba mdogo wa Mwanza, mara kijana mwenyewe yuko bwenini Ohio, usingizi umempaa. Swali ni lile lile: "Kaka, nihame au nibaki?"

Nilicheza kikapu miaka minne katika chuo kidogo cha Marekani, Divisheni ya Kwanza, yaani ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, kisha nikakaa pale misimu miwili nikimsaidia kocha. Nimeshauri vijana wengi. Mmoja nilimshauri vibaya, nitamfikia. Lakini nianze na mechi moja, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nasema ninayosema.

Machi 17, 2022, kwenye mashindano ya ubingwa wa vyuo, nilikaa mbele ya televisheni kumshangilia Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi. Alianzia West Virginia, akahamia Kentucky, na msimu ule akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Kuhama kulimfaa, sina ubishi. Usiku ule alifunga pointi 30 na kudaka ribaundi 16. Na Kentucky wakafungwa, 85 kwa 79 katika muda wa ziada, na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City kilichopangwa namba 15 katika kanda ya timu 16.

Kipindi cha pili nilijikuta nimeshahamia upande wa pili. Wale vijana walikuwa wanajuana. Mtu akikata kwenda kona, mpira ulikuwa umeshatoka mkononi mwa mwenzake kabla hajageuza uso. Wengi wao walikuwa msimu wa tatu pamoja chini ya kocha yule yule, Shaheen Holloway. Wakawatoa Murray State, wakawatoa Purdue, wakafika nane bora. Hakuna timu ya namba 15 iliyowahi kufika pale kabla yao.

Kiangazi kilipofika, timu ile haikuwepo tena. Kocha alikwenda Seton Hall, KC Ndefo akamfuata. Doug Edert akaenda Bryant, Daryl Banks akaenda St. Bonaventure, na mapacha kutoka Mali, Fousseyni na Hassan Drame, wakaenda La Salle. Miaka miwili baadaye Saint Peter's walirudi kwenye mashindano na kikosi kingine kabisa. Wakapangiwa Tennessee, iliyokuwa ikibebwa na Dalton Knecht, naye kahamia pale kutoka Northern Colorado. Walipigwa 83 kwa 49.

Silaha ya chuo kidogo ni muda. Hakina uwanja wa watu elfu ishirini wala ndege ya kukodi. Kinamchukua kijana ambaye wakubwa hawakumtazama mara mbili, kinamlea, na mwaka wa nne kinaingiza uwanjani mwanamume wa miaka 22 anayejua hatua za wenzake hata akifumba macho. Wakubwa wanaleta kipaji cha miaka 18. Hapo mechi inakuwa mechi. Sasa yule wa miaka 22 anavaa jezi ya mkubwa.

Zamani anayehama alikaa nje msimu mzima, kwa hiyo watu walifikiri mara tatu. Aprili 2021 mchezaji akaruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu hiyo. Julai mwaka ule ule akaruhusiwa kulipwa kwa matangazo yanayotumia jina na sura yake. Aprili 2024, baada ya mambo kufika mahakamani, ikawa ruksa kuhama mara yoyote ile, mradi masomo yako yako sawa. Na kuanzia msimu wa 2025–26 chuo kikaruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake fedha moja kwa moja; msimu ule wa kwanza kikomo kilikuwa dola milioni 20.5. Masika ya 2025 wachezaji wa kiume zaidi ya 2,000 wa Divisheni ya Kwanza walijiandikisha kuhama, yaani waliingia kwenye orodha ya wanaotafuta chuo kingine. Vyuo vyenyewe ni kama 360 tu. Piga hesabu mwenyewe.

Masika yale yale tuliona matunda yake. Timu zote 16 bora zilitoka ligi nne kubwa. Nusu fainali zikafika timu zote nne zilizopangwa namba moja katika kanda zao, jambo lililokuwa limetokea mara moja tu, mwaka 2008. Bingwa akawa Florida. Walter Clayton Jr., aliyetajwa mchezaji bora wa nusu fainali na fainali, alitoka Iona, ligi ile ile ya Saint Peter's. Alijah Martin alitoka Florida Atlantic, chuo alichokuwa amekifikisha nusu fainali mwaka 2023. Will Richard alitoka Belmont. Watu watatu waliolelewa kwa wadogo wakampa mkubwa kombe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wadogo hawapati kitu. Mbwana Samatta alipotoka TP Mazembe kwenda Genk mwaka 2016, klabu mbili zilikaa mezani na fedha ikapita. Mazembe wangeweza kutafuta mshambuliaji mwingine kwa fedha ile. Iona hawakuwa na meza ya kukaa. Ningekuwa na sauti kwenye vikao vya wanaotunga kanuni za michezo ya vyuo, ningeomba hilo tu: chuo kilicholea kilipwe na chuo kinachochukua. Sitaomba vijana wafungwe minyororo. Makocha wamekuwa wakiondoka usiku wakiacha ahadi walizowapa akina mama sebuleni, na hakuna aliyewakalisha nje hata mechi moja.

Sasa yule kijana wangu. Ni wa Arusha, mrefu, mpole, mwaka wake wa pili alikuwa anacheza dakika 28 kila mechi katika chuo kidogo. Chuo kikubwa kikampigia. Mimi ndiye niliyemwambia, "Nenda mdogo wangu, mlango ukifunguka pita." Sikumuuliza swali hata moja la maana. Alipofika, masomo yake kadhaa hayakukubaliwa kwenye shahada mpya, na kanuni wakati ule ilitaka ukimaliza mwaka wa pili uwe na asilimia 40 ya shahada, wa tatu 60, wa nne 80. Nusu msimu ikapotea akiwa amevaa suti pembeni ya uwanja, haruhusiwi kucheza. Aliporudi, kocha alikuwa ameshasajili wawili wengine wa nafasi yake, nao ni wahamiaji kama yeye. Akamaliza na dakika tano. Kule alikotoka waliondoka watatu kwa mpigo, na timu iliyokuwa ya tatu kwenye ligi ikashika mkia. Nilikwenda kuwaona wakicheza Januari. Ukumbi ulikuwa na watu wachache kuliko ibada ya asubuhi.

Tangu siku ile, anayenipigia namuuliza kwanza: huko unakokwenda, ni nani mwingine anakuja? Mwulize kocha kwa mdomo wako, na msikilize akijibu. Akisema "tutaona" ujue kuna mtu. Mpelekee msajili wa chuo kipya orodha ya masomo yako akujibu kwa maandishi yapi yatahesabika. Na elewa kwamba ukishajiandikisha tu, chuo chako kina haki ya kukata ufadhili muhula ukiisha, hata kama hujapata pa kwenda. Kuna vijana dirisha limewafungia nje, huku hawapo na kule hawapo.

Kwa sisi wageni kuna la viza. Kumbukumbu zako za uhamiaji lazima zihamishwe na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na chuo kipya kikupe fomu mpya ya I-20. Hilo lifanye wewe, usimwachie kocha. Na fedha unazoahidiwa za jina na sura, mwenye viza ya mwanafunzi hazipokei hivi hivi kama Mmarekani. Tshiebwe mwenyewe ilibidi kazi zake za matangazo azifanye Kentucky ilipokwenda Bahamas mwaka 2022, nje ya ardhi ya Marekani. Mtu akikuahidi fedha bila kutaja viza, tafuta mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutia sahihi.

Kama uko mwaka wa kwanza au wa pili na unacheza, kaa. Ndiyo maoni yangu. Kama hupewi dakika na kocha ameshakuonyesha hivyo kwa misimu miwili, hama, na usiogope kushuka kwenda chuo kidogo zaidi. Huko ndiko watu hukomaa.

Masika haya kijana mmoja wa Tabora alinipigia akiwa na ofa mbili mkononi. Alimwuliza kocha mmoja ni nani mwingine anakuja. Kocha akabadili mazungumzo. Wa pili hakurudisha simu. Akabaki, na wenzake watatu wa kikosi cha kwanza wakabaki naye. Novemba wataanza msimu watu wanne kati ya watano waliocheza pamoja mwaka jana. Ratiba yao nimeshaibandika kwenye friji.